Karatasi Isiyogeuza Uso

Mama alianza kugeuza uso mwezi wa Julai, wakati ukungu wa Mlima Kenya huteremka hadi Manyatta na kukaa uani mpaka saa sita mchana. Tulikuwa tumemzika Oktoba iliyotangulia. Ninaposema mama nina maana ya picha yake, ingawa nyumbani kwetu hakuna aliyeniruhusu kufanya tofauti hiyo, na baada ya muda mimi mwenyewe niliacha kuifanya.

Ilikuwa ile picha iliyotangulia jeneza. Mjukuu wake mkubwa aliibeba kifuani hadi kaburini, na baada ya mazishi ikatundikwa sebuleni, juu ya televisheni, katika fremu ya mukima, mti ule tunaoupanda katikati ya kahawa na kuutumia kwa kila kitu. Dada yangu aliivisha kitambaa cha kufuma. Kiti cha baba kiko upande wa jikoni, na mlango wa kutokea uko upande wa pili. Picha iko katikati, ikitazama pande zote, au ndivyo ilivyopaswa kuwa. Karatasi ilipoanza kunywa baridi ya Julai ilifanya tuta kutoka juu hadi chini, kama tuta la viazi, na uso wa mama ukabaki kwenye mteremko wa upande wa mlango. Ukikaa kwenye kiti cha baba uliona sikio moja, shavu kidogo, na ncha ya kile kitambaa cheupe ambacho akina mama wa kanisa hufunga kichwani. Ukiingia mlangoni ulipokelewa na macho mawili.

"Baba, anaangalia mlango," baba yangu aliniambia.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza na nina jina la babu, kwa hiyo baba yangu ameniita baba tangu nilipozaliwa. Ukiwa mtoto jambo hilo linakufurahisha. Ukiwa mtu wa mvi, na mzee wako anakutazama kama mtoto aliyenyimwa kitu, unatamani ungepewa jina la mtu mwingine.

"Ni unyevu," nilimjibu.

Nilisoma falsafa chuo kikuu, na tangu wakati huo nimeishi kwa kufundisha mjini Embu na kuandika insha ambazo husomwa zaidi na watu wa ukoo wangu, wakitafuta mahali nilipowasema. Neno "unyevu" lilinitoka kwa uhakika wa mtu aliyesoma. Baba alilipokea kwa adabu, kama anavyopokea dawa ambayo hataimeza.

"Unyevu ulikuwepo hata alipokuwa hapa," alisema. "Nyumba ni ile ile. Julai ni ile ile."

Nilikuwa nimekumbuka jambo na sikutaka alikumbuke. Mama alikuwa mtu wa Siakago, kule chini Mbeere, ambako jua huingia nyumbani bila kubisha. Aliolewa huku juu akiwa msichana, na hakuwahi kuisamehe baridi yetu. Kila Julai alihamisha kigoda chake kutoka jikoni, akakiweka mlangoni, akaketi ametupa mgongo huku akisubiri jua litoboe ukungu. Mkao wake ulikuwa ule ule. Sikio moja, shavu kidogo, ncha ya kitambaa.

Lazima nieleze kwa nini fremu haikuwa na kioo, maana kila fundi niliyekutana naye baadaye alianza hapo. Weka kioo, mzee, kioo kitaibana karatasi, mambo kwisha. Lakini jeneza la mama lilikuwa na kioo. Lilikuwa lile la siku hizi, lenye dirisha dogo juu ya uso, ili watu wapite wakimwangalia marehemu. Alitoka kwenye baridi ya mochari akaletwa kwenye asubuhi ya manyunyu, na kioo kikajaa ukungu. Waliomtangulia baba walipita wakiinamisha vichwa mbele ya dirisha jeupe, wakafanya kama wameona. Baba alisimama. Alitoa leso, akafuta, na kwa muda wa kupepesa jicho tukaona paji la uso. Ukungu ukarudi. Akafuta tena. Yule mwendesha shughuli aliyekuwa na kipaza sauti, mtu mwema ambaye alikuwa na mvua nyuma yake na chakula mbele yake, akasema, "Tusonge, wapendwa, tusonge, wengine pia wanataka kuaga." Baba akasonga.

"Nilifuta," alituambia jioni ile. "Akajifunika tena."

Kwa hiyo picha ilipotengenezewa fremu alisema kioo hapana. Hatamwekea kioo mara ya pili.

Agosti tulikaa kikao cha familia kuhusu maombi ya mwaka mmoja. Kwetu, mwaka ukikaribia kwisha, kaburi hujengewa: simiti, vigae ukijaliwa, msalaba wenye jina, halafu mchungaji anakuja, watu wanaimba, wanakula, na marehemu anaachwa apumzike. Mjomba, ndugu pekee wa mama aliyebaki, alipanda kutoka Siakago kuwakilisha watu wake. Shemeji, mume wa dada yangu, aliteremka kutoka Maua, ambako anauza miraa, vile vijiti vya kutafuna. Wawili hao hawawezi kukaa chumba kimoja bila kuchokozana, kwa sababu mjomba hutafuna muguka, majani ya kule kwao, na kila mmoja humwona mwenzake kama ng'ombe aliyekosea malisho.

"Wewe bado unakula ua wa nyumba?" shemeji alimuuliza.

"Ni afadhali ua. Wewe unakula fagio."

Tulicheka, hata baba. Kisha nikauliza kama tutamwita fundi wa simiti mwezi huo au unaofuata, na baba akaacha kucheka.

"Hakuna simiti."

"Mzee, mwaka unaisha," shemeji alisema.

"Siwezi kuweka simiti juu ya mtu ambaye hajaniangalia." Alisema kwa Kiembu, polepole, na alinyoosha kidole ukutani bila kuangalia kule kilikoelekea. "Udongo ni sawa. Udongo mtu anaweza kugeuka ndani yake. Simiti ikikauka imekauka. Kama ana neno na mimi, alimalize kwanza."

Mjomba aliinuka akaenda mpaka kwenye kiti cha baba, akachuchumaa kando yake ili aone kile alichokiona. Alikaa pale muda. Aliporudi hakuwa na utani.

"Huyo ni dada yangu kabisa," alisema. "Akiwa na hasira alikuwa anakupa sikio tu, si uso."

Dada yangu alinitazama mimi. Katika familia yetu mimi ndiye hupewa mambo ya karatasi: hatimiliki, barua za shule, fomu za hospitali. Hili nalo lilikuwa karatasi. Nikasema niachiwe.

Nilianza kwa kiburi. Nilikwenda studio moja mjini Embu nikaomba picha ile ile kwenye karatasi bora zaidi. Mwenye studio, mama mchangamfu mwenye kucha ndefu za rangi, alinitolea karatasi ya kung'aa yenye plastiki mbele na nyuma.

"Mwalimu, hii haipindi. Hii hata uiweke kwenye friji."

"Nyumbani kwetu ni kama friji."

"Basi imefika kwao!"

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumaliza. Nyumbani niliibandika kwenye ubao kwa gundi ya utepe pande zote nne, nikaivuta ikakazana kama ngoma. Nilikuwa sijajua kwamba karatasi hupumua, na kwamba ukiibana pembeni itatafuta nafasi katikati. Siku chache baadaye mama alikuwa amevimba shingo na taya moja. Juu ya hayo, karatasi iling'aa, na dirisha lote la sebule likamkaa usoni, jeupe, saa za asubuhi. Kutoka kwenye kiti chake baba aliona dirisha na ukungu uliokuwa nje ya dirisha.

"Umemwekea kioo," aliniambia.

"Si kioo, baba. Ni karatasi inayong'aa."

Aligeuza kiti chake akakielekeza jikoni. Tangu siku ile alikula akitazama moto.

Sasa nilianza kusoma kwa kweli, nikiwa nimeinamia simu katika chumba cha walimu huku wenzangu wakidhani naandika. Nilijifunza kwamba karatasi ya picha ina pande mbili zisizofanana: mbele imepakwa dawa inayoshika wino, nyuma ni karatasi tu. Hewa ikibadilika, upande mmoja hunywa zaidi ya mwingine, na ule uliovimba humvuta mwenzake. Zimeunganishwa maisha yote na hazikubaliani kuhusu baridi. Niliposoma hapo nilizima simu kidogo. Nilijifunza pia kwamba karatasi iliyokatwa kutoka kwenye roli huendelea kulikumbuka roli, hata uinyooshe vipi, na kwamba kwa kazi ya kutundikwa wazi ni afadhali ile iliyozaliwa bapa, nzito, ya pamba tupu, isiyong'aa. Hiyo unaweza kuiangalia ukiwa upande wowote, dirisha lisikuingilie. Wachoraji na makumbusho huitumia. Nilifurahi kama mtu aliyesikia kwamba ugonjwa wa mzee wake una jina.

Karatasi ya aina hiyo ilipatikana Nairobi. Nilituma picha kwa simu, mchapaji akaichapa, na swali likawa jinsi ya kuileta. Shemeji akasema hilo si swali. Pikapu zake hupeleka miraa Nairobi kabla ya alfajiri na kurudi tupu, zikipita papa hapa Embu. Dereva angeichukua na kuniachia barabarani.

Dereva alipita Embu kama wanavyopita siku zote, kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa, akamkumbuka mama alipofika Maua. Shemeji, kwa aibu, aliamua kuituma tena yeye mwenyewe na mzigo wa kesho yake. Na kwa kuwa ni mtu anayejali kazi yake, aliitoa kwenye katoni aliyoiona kavu mno, akaifunga vizuri kwa majani mabichi ya migomba, safu juu ya safu, akaifunga kamba za migomba, kama anavyofunga miraa ya daraja la kwanza.

Nilifungua kifurushi kwenye meza yangu. Majani yalikuwa bado na umande. Ndani yake mama alikuwa amelowa kiasi, amepinda mawimbi mawimbi, ananukia shamba. Nilimpigia shemeji.

"Shem, umefanya nini?"

"Nini? Haikufika?"

"Imefika imelowa."

"Haijalowa, iko freshi. Shem, si uliniambia ni kitu cha pamba? Pamba ni mmea. Kitu cha mmea ukikiacha wazi kwa gari kinanyauka. Nimemfungia mama vile ningefungia wateja wa ng'ambo."

Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, lakini hayo maneno ya mwisho yaliniondolea hasira. Alikuwa amempa kifungio bora alichokuwa nacho. Nilikata simu, nikacheka, na nilipokuwa nikicheka karatasi ilijipinda kidogo mezani, ikitoa sauti kama mtu anayesafisha koo. Niliacha kucheka.

Nyumba yangu ilikuwa na baridi pia. Sikujua niikaushe wapi bila kuiharibu, mpaka mjomba aliposikia na kusema niilete kwake. Siakago mwezi ule palikuwa pamekauka kabisa, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mjomba aliipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Watu wa Maua hawa," alisema. "Hata marehemu wanamfunga waende kumuuza."

Tuliiweka katikati ya karatasi safi, juu ya meza, tukalaza ubao juu yake, na juu ya ubao mjomba akaweka nusu gunia la ndengu. Niliporudi wiki iliyofuata alikuwa ameshaitoa. Alikuwa ameisimamisha kwenye rafu sebuleni kwake, wazi, bila fremu wala pini, imeegemea ukuta tu. Ilikuwa imenyooka kama bamba. Niliweka rula pembeni yake nisipate hata uwazi wa kupitisha ukucha. Na mama alikuwa akitazama mbele, kwa utulivu ambao, sijui niseme vipi, sikumbuki kuuona Manyatta. Hii ndiyo nyumba aliyokulia. Ukuta ulikuwa umejengwa upya lakini mahali ni pale pale.

"Amefika," mjomba alisema, akaendelea kutafuna muguka wake.

Ningemwacha pale. Ninasema hivi kwa kuwa ndilo wazo lililonijia, na kwa kuwa nililipuuza. Mzee wangu alikuwa amegeuzia ukuta mgongo na kaburi lilikuwa la udongo. Nikaifunga picha kwenye katoni kavu nikaiweka kiti cha nyuma cha gari langu. Barabara inapanda taratibu kutoka Siakago, vumbi linaisha, migomba inaanza, halafu kahawa. Nilipopita Embu na kuanza kupanda kuelekea nyumbani, ukungu ulinipokea kwenye kona, na nyuma yangu nikasikia ile sauti tena. Mtu anayesafisha koo. Niliwasha redio.

Niliitundika alasiri, mbele ya baba. Alikigeuza kiti chake, akaketi mikono magotini kama mtu aliye mbele ya mpiga picha. Kwa jioni nzima alimtazama naye akamtazama. Baba alikula vizuri. Nilirudi mjini nikiwa nimeridhika na kupanga insha ya kuchekesha kuhusu jambo lote.

Keshokutwa yake nilikuta kiti kimeelekea jikoni tena. Ukutani palikuwa na tuta, dogo kuliko lile la kwanza, jembamba, la heshima. Sikio moja. Shavu kidogo.

"Kule Siakago," baba aliniuliza bila kugeuka, "aliangalia watu?"

Ningeweza kusema uongo. Niliwahi kufundisha muhula mzima kuhusu uongo unaofaa.

"Aliangalia."

"Mjomba wako alimwangalia?"

"Ndiyo, baba."

Alichokora moto kidogo. "Basi ni mimi," alisema.

Nilikuwa na dawa moja iliyobaki, na nilijua ingefanya kazi. Karatasi ile ile ya pamba, nzito zaidi, iliyokatwa bapa tangu kiwandani. Uiache kwanza siku kadhaa katika nyumba itakamokaa, ikiwa imelala, ili inywe hewa ya humo ichoke. Halafu uigundishe mgongo wote, bila kuacha hata sehemu ya kidole, kwenye bamba la alumini. Pembe na katikati zikishikwa sawa, haina pa kupindia. Karatasi haigeuki kwa sababu haiwezi kugeuka. Nilipoisoma sentensi hiyo niliona ni ya kifundi kabisa na bado ikanitia baridi. Nani aliniambia nimlazimishe mama yangu kumtazama mtu? Katika maisha yake alikuwa na uhuru huo mmoja, wa kuhamishia kigoda mlangoni.

Lakini Oktoba ilikuwa imefika. Niliagiza. Niliifuata Nairobi mwenyewe, nikaipumzisha chini ya kitanda cha baba, halafu nikaipeleka igundishwe. Ilipotundikwa nilileta rula, na nyumbani wote walisimama wakitazama rula kana kwamba ni mchungaji. Bapa. Ukungu ulikuja, ukaketi uani, ukaondoka, ukarudi, na mama akabaki anatazama mbele, huku na huku, kwa kila mtu sawasawa.

Baba aliketi mbele yake siku nzima. Jioni aliniita.

"Ni picha nzuri ya mama yako," alisema. "Asante."

Ilikuwa mara ya kwanza kuiita picha. Nilidhani tumeshinda, nikafungua mdomo kuuliza kuhusu fundi wa simiti.

"Hii haigeuki hata nikikosea," aliendelea. "Hii ingemtazama hata mwizi. Ile nyingine iko wapi?"

Ile nyingine, iliyotoka Siakago, ilikuwa juu ya kabati, imejikunja.

"Ichukue. Kesho unipeleke Siakago."

Baba hakuwa mtu wa Siakago. Alikuwa akienda kwa mahari na kwa misiba, na kila mara alirudi siku hiyo hiyo kwa sababu ya kahawa. Mama alimwomba mara nyingi wakae huko Julai moja tu, mwezi mzima, ajipashe moto kwao. Kila mara kulikuwa na matawi ya kahawa ya kupogoa. Hayo alinisimulia njiani, akiangalia nje, kwa sauti ya kutaja mazao. Alikuwa amevaa koti zito na hakulivua hata tulipofika chini kwenye joto, mpaka jasho likamtiririka kidevuni.

Mjomba alitupokea. "Muthoni," alimwita baba, kama mashemeji wanavyoitana kwetu, "leo umekuja bila ya kahawa?"

"Kahawa haina miguu. Itanisubiri."

Mjomba alitaka kuchinja kuku. Baba alisema baadaye. Aliomba kiti, na akaomba ile picha iwekwe kwenye rafu, pale pale ilipokaa kwanza, isishikwe na mtu. Iliwekwa. Ilikuwa imepinda vibaya baada ya safari, tuta lake kubwa, na kutoka kiti cha baba sikio halikuonekana vizuri, ncha ya kitambaa tu. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya sakafu. Mabati yalilia juu yetu kwa joto.

Mimi na mjomba tulikaa nje, barazani, karibu na dirisha lililokuwa wazi. Mara moja moja tulisikia kutoka ndani ile sauti ndogo ya koo, na kila ikisikika mjomba aliacha kutafuna. Najua kilichokuwa kikiendelea. Upande mmoja wa karatasi ulikuwa ukitoa maji uliyokunywa huku juu, na ule mwingine ukitoa kwa mwendo wake, na tuta likishuka. Ningeweza kukueleza vizuri sana. Nilichungulia dirishani na kuona mama anarudisha uso.

Alifanya polepole, kama alivyofanya mambo yote alipokuwa amekasirishwa na sasa ameamua kuyaacha. Kwanza sikio. Shavu. Muda mrefu hakikuongezeka kitu, nikadhani atakomea hapo, kisha jicho la karibu. Baba alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti. Hakupiga magoti wala kulia, na koti alikuwa amelivua, limelala mapajani kama mtoto. Macho yote mawili yalipomfikia, aliinama kidogo akasema kwa Kiembu, kwa sauti ya mtu anayemuuliza mwenzake aliyeingia kutoka mvuani:

"Umepata joto?"

Sikusikia zaidi. Mjomba alinivuta mkono tukaenda kukamata kuku.

Kwenye gari, wakati wa kurudi, baba aliniambia simiti inaweza kuwekwa. "Isiwe nzito," alisema. Msalaba ulisimikwa, mchungaji akaja, shemeji akaleta chakula na utani, na hakuna aliyepanga mstari kuangalia kitu chochote kupitia kioo. Picha ya karatasi isiyo na bamba ilibaki Siakago kwenye rafu. Ile ya bamba iko Manyatta juu ya televisheni, bapa, na wageni wakiuliza kuhusu karatasi mimi huwaeleza kwa furaha: pamba, isiyong'aa, nzito, isitoke kwenye roli, igundishwe mgongo wote. Ni ushauri mzuri. Nasimama nao.

Julai hii mjomba alinipigia simu asubuhi. Kulikuwa na jambo lisilo la kawaida, alisema, manyunyu yameshuka hadi Siakago, sakafu imelowa, na dada yake ameanza kuangalia mlango. Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka mwishoni. Nilipanda Manyatta huku nikifikiria njia nzuri ya kumwambia mzee. Kutoka uani kwetu, ukungu ukifunguka, unaweza kuona mawingu yakiteremka kuelekea Mbeere. Nadhani mzee aliyaona. Sina maelezo mengine.

Nilimkuta ameketi chini ya ile picha isiyogeuka, amevaa koti na kofia, fimbo mkononi. Kando ya kiti chake alikuwa ameweka kigoda cha mama.

"Umechelewa, baba," aliniambia. "Twende."